Jino la Mkaguzi

Nilipohamishiwa kufundisha kwenye ule mji mdogo wa njia ya Mpwapwa, kondakta aliniambia nishuke Shirika. Nikashuka. Sikuona shirika lolote. Niliona jengo refu la zege, vihenge vinne vya bati lililoshika kutu vimesimama ubavuni mwake, na mbele ya mlango mkubwa wa chuma mwanamke mfupi aliyejifunga kanga mbili anafagia. Nikamwamkia, nikamuuliza wenye shirika wako wapi. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba wamekwenda kula, nisubiri. Nikakaa juu ya begi langu kama nusu saa, jua linanichoma, yeye anafagia huku akinitazama kwa kuibia. Mwishowe akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, akaniambia walikwenda kula miaka mingi iliyopita na hajui wanakula nini muda wote huo.

Huyo ndiye Mkaguzi. Jina lake nalijua, nimeliona kwenye kadi yake ya kliniki ya macho, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitamka. Hata mchungaji akitangaza wagonjwa kanisani alisema tumwombee Mkaguzi, anaumwa mgongo. Alikagua nafaka pale tangu ghala likiwa jipya mpaka lilipofungwa, na lilipofungwa hakuna aliyemwambia aache. Ufunguo alibaki nao yeye. Siku ile ile alinipangisha chumba uani kwake, nikakaa miaka tisa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Lori likifika na magunia, alipanda juu na bambo, kile chuma chembamba chenye ncha na mfereji, akalidunga gunia ubavuni. Punje ziliteremka kwenye mfereji mpaka kiganjani. Alizitazama, akazinusa, akachagua tatu, akazipeleka moja moja kwenye jino la mwisho la kulia, juu. Kisha alifumba macho na kuuma. Punje kavu hupasuka kwa mlio mmoja mfupi. Punje yenye maji hubonyea kimya kimya, na ikiingia ghalani na kimya chake, baada ya wiki chache gunia zima linachemka na kuota ukungu. Jino likisikia mlio, Mkaguzi alisema, "Karibu ndani." Lisiposikia alisema, "Rudi juani." Hakuwa na neno la katikati, na mwenye mzigo hakuwa na wa kumlilia.

Mashine ya kupima unyevu ilikuwepo, imefungwa kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa chekundu ndani. Iliharibika mwaka wa pili, ikapelekwa kutengenezwa, na kama ilitengenezwa basi hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kwa hiyo jengo lote lile, zege na bati na mkanda wa kupandishia nafaka na mizani ya kupima lori zima, liliegemea jino la mwanamke mmoja. Alilitunza kwelikweli. Alilisugua kwa kijiti na majivu asubuhi na jioni, na alikataa kutafuna muwa upande ule.

Yale maneno mawili hakuyaacha kazini. Ugali ukimfurahisha uliambiwa karibu ndani. Wanasiasa waliokuja kuomba kura, karibu wote walirudishwa juani. Mtihani wa darasa la saba ukitoka, nilimpelekea matokeo ya wanafunzi wangu nikiwa mguu sawa kama mwenye lori. Mwaka mmoja aliyasoma yote, akanirudishia karatasi, akasema wachache hawa karibu ndani, wengine warudi juani, na mimi mwenyewe niwafuate. Nilinuna siku mbili, kisha nikaanzisha masomo ya jioni.

Mchumba wangu naye alikaguliwa. Nilimleta siku ya Jumapili, amenyoosha shati mpaka linakata. Mkaguzi hakumuuliza kazi, hakumuuliza kwao. Alimpa kigoda na sahani ya karanga, akakaa akimtazama anavyokula. Mwenzangu kwa woga alizila zote, moja baada ya nyingine, hakumkaribisha mtu. Alipoaga, Mkaguzi akamwambia, "Rudi juani." Yeye alidhani ndivyo watu wa Dodoma wanavyoagana, akamshukuru sana na kumwambia naye arudi juani vilevile. Niliingia chumbani nikaziba mdomo kwa mto. Mwaka wa pili alikuja tena, akapewa karanga tena, na safari hii alizimenya na kumwekea mwenye nyumba nusu yake kwenye bakuli bila kuambiwa. Akakaribishwa ndani. Leo ni mume wangu na kisa hicho anakisimulia yeye mwenyewe kila panapokuwa na wageni, na kila mwaka karanga zinaongezeka.

Lakini mambo yake makubwa yalikuwa ya ghala lenyewe. Ukimkuta ametulia alikuhadithia lilivyokuwa: miaka ya neema malori yamepanga foleni mpaka kwenye ua wa misheni, madereva wanalala chini ya magari, mama ntilie wanauza uji usiokauka, na mwaka wa njaa, foleni ileile imegeuka, watu na madebe yao, mtama unatoka kwa mlango uleule ulioingilia. Aliupenda zaidi mwaka wa njaa. Alisema ndio mwaka pekee watu walielewa kwa nini aliwasumbua.

Ghala lilipoachwa halikukaa kimya kama unavyoweza kufikiri. Kwaya ya kanisa iliomba kufanyia mazoezi ndani ya kihenge kimoja, kwa sababu humo sauti tatu zinasikika kama thelathini. Mkaguzi alikubali kwa sharti moja: maji hayaingii ndani. Si chupa, si kikombe, si mate. Mwanakwaya akikohoa alitolewa nje akakohoe kwenye hewa ya Mungu. Harusi nazo zilifanyika mle, kwa sharti hilohilo. Nimehudhuria harusi ambayo keki ilikatwa ndani, maana keki ni kavu, halafu mshereheshaji akatangaza kwamba wanaotaka soda wapange mstari wa nje, wanywe, wafute midomo, warudi. Bibi harusi mwenyewe alipanga mstari na shela lake. Na watu hawakukasirika. Walikuja kuzoea hivyo, hata wakawa wanaona harusi za kumbi nyingine zina uovyo fulani, watu wanakunywa popote.

Siku moja nilimuuliza anamlindia nani ghala hilo. Sakafu haijaona punje miaka nenda rudi, popo ndio wapangaji. Akanijibu kwamba nafaka ikija itauliza nani alimwaga maji hapa, na yeye hatakuwa na la kuijibu.

Hapo ndipo penye kioja chake kimoja, kwamba mtu huyo mwenye vita na maji alikuwa mwepesi wa machozi kuliko wote niliowahi kuwajua. Alilia harusini, alilia kwaya ikipatia, alilia mbuzi wa jirani akizaa pacha. Ila hata siku moja hakulia ndani ya ghala. Ukimwona anatoka mbio mbio na kanga usoni, unajua kuna jambo zuri limetokea huko ndani.

Aliyemwelewa zaidi alikuwa mtani wake, mzee wa mizani. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano na kofia nyeupe daima, ambaye zamani ndiye aliyepima malori kabla hayajafika kwa Mkaguzi. Shirika lilipokufa alifungua duka la mbegu na majembe ng'ambo ya barabara, akageuza kiti chake kitazame ghala. Asubuhi alimpigia salamu ya "Mbukwa" kwa Kigogo kibovu makusudi, yeye akamwitikia kwa Kirangi kibovu zaidi, na matusi ya utani yakaanza. Mzee wa mizani alidai kazi ya kweli ilikuwa yake, kwamba kuuma mahindi hata panya anaweza. Mkaguzi alimwambia panya angalau hajawahi kusahau miwani nyumbani. Siku mmoja wao akisafiri, mwenzake alishinda anazungukazunguka kama amepoteza kitu.

Mwaka wangu wa nne wazazi walichangia mahindi ya uji wa shule, nikamwita Mkaguzi ayapime. Nilijisifu kwa walimu wenzangu kwamba wataliona hilo jino. Akaja na bambo lake limeng'aa, akadunga magunia, lakini punje hakuzitia mdomoni. Alitoa chupa kavu na chumvi kavu, akachanganya na mahindi, akatikisa. Alitueleza kwamba chumvi ikinata kwenye kioo mahindi yana maji, na isiponata ni makavu. Haikunata. Nilimuuliza jino liko wapi. Akasema limestaafu na shirika, na akabadili mazungumzo haraka kuliko kawaida yake.

Ndipo nikaanza kumtazama anavyokula. Karanga, mahindi ya kuchoma, hata nyama, vyote alivipeleka kushoto.

Alinieleza mwenyewe mchana mmoja wa Aprili tukimenya karanga ukumbini, mvua za mwisho zinapiga bati. Msimu ule wa mwisho wa shirika jino lilimuuma wiki tatu. Akaenda hospitali kimya kimya, likang'olewa, akarudi kazini kesho yake kama hakuna lililotokea. Hakumwambia bosi. Hakumwambia hata mzee wa mizani. Aliogopa, maana bila jino yeye ni nani pale, mwanamke wa kufagia. Akaanza kuuma kwa upande wa kushoto, kwa meno ambayo hayakuwahi kufundishwa kazi. Yakaja malori mawili ya mahindi yaliyovunwa wakati wa mvua. Aliuma, hakuwa na hakika, watu wanamtazama. Akasema karibu ndani.

Mahindi yale yalichemka. Wiki ya tatu kihenge kilikuwa na joto ukikigusa, na harufu ikafika sokoni. Kilipofunguliwa, chini palikuwa pameshikana kuwa jiwe la kijani. Mwaka uleule shirika likafungwa.

Nilimuuliza kwa nini hakutumia chumvi. Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyekosea mbili jumlisha mbili.

"Ningetoa chumvi, mwanangu, wangeniuliza jino lako lina nini."

Nikajaribu kumfariji. Nilimwambia kila mtu anajua shirika lilikuwa linakufa tayari, mishahara haikuja, malori yalikuwa juu ya mawe, lingefungwa tu hata jino lingekuwepo.

"Kufa ni kwake," akasema. "Mahindi ni yangu."

Tukaendelea kumenya. Baada ya muda akaniambia anachoomba kwa Mungu si kikubwa: nafaka iingie mle ndani tena, hata gunia moja, na yeye awepo aipokee kwa haki. Nilihuzunika siku ile kuliko nilivyoonyesha. Sasa nilijua kwa nini anafagia.

Baadaye nilipata kazi ya ofisini huku Mtumba, kwenye mji wa serikali, tukahama. Tulipigiana simu sikukuu, alininong'oneza habari za mji kama zina siri, na kila mara aliuliza kama mume wangu bado anamenya karanga. Meno yaliendelea kumtoka. Mbele alibaki na manne ya kuonyesha watu, nyuma hakuna kitu, na akicheka alivuta kanga mdomoni ili watu wasijue.

Mwaka jana mzee wa mizani akanipigia. Alisema halmashauri ilikuwa na mpango wa kulibomoa ghala ili pajengwe stendi. Chama cha wakulima kikaomba kisikilizwe: wanalima mtama, wanunuzi wapo, kinachokosekana ni pa kuuhifadhi. Halmashauri ikawapa msimu mmoja. Mtama ukikaa salama mpaka mwaka mpya, ghala ni lao. Ukiharibika, tingatinga linaingia. Watu wakajitolea, wakaziba mabati, wakawahamisha popo kwa heshima. Na Jumamosi ile mzigo wa kwanza ulikuwa unaingia, wageni wamealikwa, na kwenye ratiba wameandika kwamba Mkaguzi ndiye atakayeuma punje ya kwanza.

"Sasa, mwalimu, hatoki chumbani," akasema. "Anasema anaumwa mgongo. Mimi mgongo wake naujua. Njoo."

Nilimkuta amekaa kitandani, kanga mpya, kiatu kimoja mguuni. Nilimwamkia, nikakaa kando yake. Nje kwaya ilikuwa inapasha sauti, inasikika ikitoka ndani ya kihenge, na vumbi la malori limeanza kuinuka. Akafungua mdomo akanionyesha fizi, kulia na kushoto, laini kama za mtoto. Akaniuliza, wakimpa punje mbele ya watu wote wale, atafanyaje. Aibane kwa fizi, afumbe macho, aseme karibu ndani? Afisa kilimo atakuwepo na kipimo chake, hakuna atakayejua. Nilijua ananiuliza kwelikweli.

Nilichukua kiatu cha pili, nikamvalisha.

Tulipofika mlangoni walipiga makofi. Afisa kilimo, msichana mchangamfu mwenye kipima unyevu kwenye mkoba, alimsogezea kiti. Mwenyekiti wa chama akalidunga gunia la kwanza, bambo lilelile la zamani, akamwekea Mkaguzi punje tatu kiganjani. Watu wakasogea karibu. Mzee wa mizani hakuwa na utani wowote usoni.

Mkaguzi akazitazama. Akazinusa. Kisha akashusha kanga, akafungua mdomo wote, akazunguka taratibu kama mtu anayeonyesha nyumba mpya, mpaka kila aliyekuwepo akaona.

"Sina jino," akasema. "Hata mwaka ule wa mahindi sikuwa nalo. Nilificha. Leo sifichi."

Nilimwona mzee wa mizani akifuta miwani yake, akiivaa, akiifuta tena. Halafu Mkaguzi akanigeukia, akasema, "Mwalimu anayo meno, amekula karanga zangu miaka tisa," na akaniwekea punje mkononi.

Nikaitia mdomoni, jino la mwisho la kulia, juu. Yeye akanisogelea, akanishika bega, akalaza sikio lake shavuni mwangu. Masikio yake yalikuwa hayajapungua chochote. Nikauma. Mtama ni punje ndogo, mlio wake ni mdogo, lakini ulikuwepo, mmoja, mfupi. Nilihisi kichwa chake kikitikisika kukubali. Akaomba ya pili, na ya tatu, kisha akataka gunia lingine, na lingine, kila mwenye mzigo kwa zamu yake, na afisa anafuata nyuma na kipimo chake, na namba zinakubaliana nasi.

Tukafika kwenye magunia sita ya mzee wa mizani. Alikuwa na shamba la mtama siku hizi, na alivuna haraka haraka ili jina lake liwe katika mzigo wa kwanza; hilo alinikiri baadaye. Nikauma. Punje ikabonyea. Nilikaa kimya, maana nilimpenda mzee yule, na watu walikuwa wameshaanza kupiga picha.

"Usinifiche," akaniambia, sikio bado liko shavuni.

"Imebonyea, mama."

Akajinyoosha. Akamtazama mtani wake wa miaka yote, na uso ukamfunguka polepole, nikaona furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu nimjue.

"Mrangi," akasema, "rudi juani."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Afisa akapima, akathibitisha. Mzee wa mizani alivua kofia, akalalamika kwamba amemngojea mwanamke huyu afungue ghala miaka hii yote na malipo yake ndiyo haya, huku mwenyewe anacheka mpaka anashika ukuta. Magunia yake sita yakatandazwa kwenye turubai mbele ya duka, na wiki iliyofuata yakapita. Mtama wote ulikaa mpaka mwaka mpya bila kutoa joto, na tingatinga halikuja. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile wabebaji walijitwisha magunia yaliyopita, wakasimama mstari mlangoni wakingoja. Hawakutaka kuingia kabla ya neno. Mkaguzi alisimama kizingitini, nusu kivulini, akapitisha mkono juu ya gunia la kwanza kama anayempapasa mtoto aliyelala.

"Karibu ndani," akasema.

Wakaingia. Kwaya ikapokea, sauti zikajaa zege lote. Nikageuka kumtafuta nimkumbatie, hayupo. Alikuwa ametoka mbio, kanga usoni, amekwenda kukaa kwenye jiwe mbali na mlango. Nilimfuata, akanifukuza kwa mkono. Alikaa pale juani mpaka uso ukakauka, ndipo akaingia.